Kutengeneza mtambo ulio umbali wa kilomita bilioni 24

Tarehe 14 Novemba 2023, chombo cha anga za juu cha Voyager 1, ambacho wakati huo kilikuwa safarini kwa miaka 46, kiliacha kutuma habari zenye maana. Mawimbi yake ya redio yaliendelea kuzifikia antena za duniani, na amri zilizotumwa kutoka California kilizipokea na kuzitekeleza, lakini ndani ya mawimbi hayo hamkuwa tena na vipimo vya chembe na sumaku vilivyozoeleka. Mlikuwa na mfuatano uleule wa moja na sifuri, ukijirudia bila kukoma.

Ninataka kuandika juu ya miezi iliyofuata, na juu ya miaka mingi iliyoitangulia, kwa sababu ninaamini kwamba sifa kubwa kuliko zote ya Voyager 1 na pacha wake Voyager 2 haimo katika roketi zilizozirusha wala katika picha zilizopiga, ingawa picha hizo ni za ajabu. Sifa hiyo imo katika matunzo. Kuna watu ambao kwa karibu nusu karne wamekuwa wakitunza mitambo miwili wasiyoweza kuiona wala kuigusa, na kila mara mtambo mmoja unapougua wanatafuta dawa kwa kutumia vitu vilivyokwishawekwa ndani yake kabla haujaondoka.

Ili kuuelewa ugumu wa kazi ya mwaka 2023 ni lazima kwanza kuuelewa umbali. Voyager 1 ilikuwa zaidi ya kilomita bilioni 24 kutoka duniani. Mawimbi ya redio husafiri kwa kasi ya mwanga, yaani takriban kilomita 300,000 kwa sekunde, na hata kwa kasi hiyo amri moja ilichukua saa 22 na nusu kufika, na jibu lake likachukua muda kama huo kurudi. Mhandisi akituma swali Jumatatu asubuhi, jibu analipata Jumatano alfajiri. Kazi yangu mwenyewe ni ufundi wa mitambo ya mawasiliano, na ninajua jinsi tunavyotegemea jambo moja ambalo hatulitaji kamwe: mtambo ukigoma, tunaufungua, tunapima waya huu na ule, tunabadilisha kadi, na ndani ya dakika chache tunajua kama tumepatia. Wahandisi wa JPL, maabara ya shirika la anga za juu la Marekani (NASA) iliyoko Pasadena, California, hawakuwa na uwezo huo hata kidogo.

Chombo hicho kina kompyuta za aina tatu. Moja hupokea amri na kuzigawa, ya pili hukiongoza chombo na kuhakikisha antena inaitazama Dunia, na ya tatu hukusanya vipimo vya vifaa vyote vya kisayansi pamoja na hali ya chombo chenyewe, kisha huvifunga pamoja vikiwa tayari kutumwa. Kila aina ilirushwa ikiwa na mwenzake wa akiba, lakini ule wa akiba wa kompyuta ya tatu katika Voyager 1 uliharibika mwanzoni mwa miaka ya 1980. Iliyogoma Novemba 2023 ndiyo ile ya tatu, na haikuwa na wa kuipokea. Walijaribu kuizima na kuiwasha upya, bila mafanikio. Nyaraka za mtambo zilikuwa za miongo kadhaa iliyopita, zimeandikwa na wahandisi ambao hawakuwahi kufikiria kwamba tatizo la namna hii lingetokea karne nyingine, na ilibidi kila amri mpya ipimwe kwa uangalifu mkubwa isije ikaharibu kitu kingine.

Tarehe 1 Machi 2024 walituma amri ya kuichokoza ile kompyuta, wakiitaka ijaribu kupita njia tofauti katika programu yake, ili kama kuna sehemu iliyoharibika iweze kuikwepa. Siku mbili baadaye, katikati ya mawimbi yaliyokuwa yakirudia neno lilelile, ilionekana sehemu iliyotofautiana na nyingine. Haikufanana na habari za kawaida za zamani, wala haikufanana na ule mrudio uliokuwa ukisikika tangu Novemba. Mhandisi mmoja wa mtandao wa antena za masafa ya mbali aliifumbua, na ikabainika kwamba chombo kilikuwa kimetuma nakala ya kumbukumbu nzima ya kompyuta ile.

Kwangu mimi hapo ndipo hadithi yote ilipogeuka. Kuanzia siku hiyo walikuwa na kitu cha kukisoma. Waliilinganisha nakala mpya na nakala ya zamani iliyopatikana kabla ya hitilafu, wakitafuta kila mahali palipobadilika, na wakagundua kwamba takriban asilimia 3 ya kumbukumbu ilikuwa imeharibika, na kwamba uharibifu wote ulikuwa katika chipu moja. Yawezekana chembe yenye nguvu kutoka anga za mbali iliigonga chipu hiyo, au chipu ilichakaa tu kwa umri.

Chipu isingeweza kubadilishwa. Kilichowezekana ni kuyahamisha maelekezo yaliyokuwa ndani yake, kuyapeleka sehemu nyingine ya kumbukumbu, lakini hapakuwa na nafasi hata moja iliyobaki yenye ukubwa wa kuyapokea yote kwa pamoja. Kwa hiyo waliyakata vipande, wakavitawanya vipande hivyo katika nafasi ndogondogo zilizokuwa wazi huku na huko, kisha wakarekebisha kila mahali penginepo katika programu palipokuwa pakielekeza kwenye anwani ya zamani, ili mtiririko wa kazi uruke kutoka kipande kimoja hadi kingine bila kupotea. Wakumbuke wanaoandika programu leo kwamba kompyuta zote za chombo hiki kwa pamoja zina kumbukumbu ya kilobaiti 69 hivi, ambayo haitoshi kuhifadhi picha moja ya kawaida ya simu. Walianza na kipande kinachofunga habari za hali ya chombo chenyewe. Amri iliondoka duniani tarehe 18 Aprili 2024, na tarehe 20 Aprili, kwa mara ya kwanza baada ya miezi mitano, watu wa Pasadena walisoma afya ya Voyager 1. Mwezi Mei vifaa viwili vya kisayansi vilirudi kazini, na mwezi Juni vyote vinne vilikuwa vikituma vipimo.

Nimeueleza ukarabati huu kwa urefu kwa sababu mara nyingi habari hizi huandikwa kana kwamba chombo kilizinduka chenyewe. Hakikuzinduka chenyewe, na wala haikuwa mara ya kwanza kuokolewa.

Mradi wenyewe ulitokana na hesabu. Mwaka 1965 Gary Flandro, akiwa bado kijana katika maabara ya JPL, aliona kwamba mwishoni mwa miaka ya 1970 sayari za Mshtarii, Zohali, Uranusi na Neptuni zingekuwa zimejipanga kwa namna inayotokea mara moja katika miaka 175 hivi, hata chombo kimoja kingeweza kuzipitia zote, kila sayari ikikivuta na kukiongezea mwendo kuelekea inayofuata. Bila msaada huo, safari ya kufika Neptuni ingechukua takriban miaka 30. Fedha zilizoidhinishwa, hata hivyo, zilikuwa za Mshtarii na Zohali tu, kwa muda wa miaka mitano. Voyager 2 iliondoka Cape Canaveral tarehe 20 Agosti 1977 na Voyager 1 ikafuata tarehe 5 Septemba, lakini kwa kuwa Voyager 1 ilipewa njia fupi zaidi, iliipita mwenzake na kufika Mshtarii kwanza, tarehe 5 Machi 1979.

Katika mengi yaliyoonekana Mshtarii nitachagua moja. Siku chache baada ya chombo kupita, Linda Morabito, mhandisi wa kikosi cha uongozaji wa safari, alikuwa akichunguza picha ya mwezi uitwao Io. Hakuwa akitafuta ugunduzi wowote. Alihitaji kuiona nyota hafifu nyuma ya Io ili kuhakiki mahali chombo kilipo, na kwa ajili hiyo aliongeza mwangaza wa picha. Pembeni mwa Io akaona kitu kama wingu kubwa lililochomoza, na baada ya kuondoa kila uwezekano mwingine, ilithibitika kwamba lilikuwa tokeo la mlipuko wa volkano, lililopanda zaidi ya kilomita 250 juu ya uso wa mwezi ule. Hiyo ndiyo volkano hai ya kwanza kuonekana nje ya Dunia. Wanasayansi watatu walikuwa wametabiri siku chache tu kabla, katika makala ya jarida, kwamba Io huenda ina joto kali ndani yake kwa sababu Mshtarii na miezi jirani huivuta na kuikanda bila kupumzika. Ninalipenda tukio hili kwa kuwa ugunduzi ulimjia mtu aliyekuwa akifanya kazi ya kawaida ya matunzo kwa makini.

Wakati huo huo Voyager 2 ilikuwa tayari kiziwi nusu. Mwezi Aprili 1978, chini ya mwaka mmoja tangu iruke, kipokezi chake kikuu cha redio kilikufa, na kile cha akiba kilipoanza kufanya kazi kikaonekana kina kapasita, kijenzi kidogo cha umeme, iliyoharibika. Kipokezi kizima huyafuata mawimbi yanapopanda na kushuka masafa, jambo lisiloepukika kwa kuwa Dunia yenyewe inazunguka na kusogea, na hivyo mawimbi yanayokifikia chombo hayabaki katika masafa yale yale. Hiki cha Voyager 2 hakiwezi tena kuyafuata. Kinasikia ndani ya upenyo mwembamba sana tu, na upenyo wenyewe huhama joto la kipokezi linapobadilika hata kwa sehemu ndogo ya digrii, kama vile pale kifaa cha jirani kinapowashwa. Suluhisho lilikuwa kubebesha duniani mzigo ambao kipokezi hakiwezi kuubeba: wahandisi hukokotoa mapema joto la kipokezi litakuwaje na mwendo wa Dunia utayabadilishaje mawimbi, kisha hurusha amri kwa masafa yanayobadilishwa hatua kwa hatua, ili yatakapofika yawe hasa pale kipokezi kinaposikiliza. Kwa tahadhari, waliweka pia ndani ya chombo maelekezo ya akiba ya kukiwezesha kuendelea na kazi za msingi hata kama kingepoteza usikivu kabisa.

Chombo hicho hicho, chenye kipokezi hicho hicho, ndicho pekee ambacho mpaka leo kimewahi kuzitembelea Uranusi, tarehe 24 Januari 1986, na Neptuni, tarehe 25 Agosti 1989. Ningependa kila mwanafunzi anayeona michoro ya sayari hizo katika kitabu chake ajue jambo hili.

Na hata kufika kwenyewe kulihitaji chombo kifundishwe upya. Katika Neptuni mwanga wa jua ni hafifu mara 900 kuliko hapa duniani, kwa hiyo kamera ililazimika kubaki wazi kwa muda mrefu, na chombo kinachokwenda kwa kasi kingetoa picha zilizofifia na kupakaa. Walikifundisha kujizungusha taratibu wakati kamera ikiwa wazi, ili kukifuata kinachopigwa picha. Kwa kuwa umbali ulipunguza kiasi cha habari kinachoweza kutumwa kwa sekunde, waliandika programu mpya iliyotuma tofauti ya mwangaza kati ya nukta moja na jirani yake, badala ya mwangaza kamili wa kila nukta, na kwa kazi hiyo wakaitumia ile kompyuta ya tatu ya akiba, ambayo katika Voyager 2 ilikuwa nzima na imekaa bure. Duniani nako antena kadhaa ziliunganishwa zisikilize kwa pamoja. Kwa njia hiyo tuliona mwezi wa Triton, wenye baridi ya digrii 235 chini ya sifuri, ukirusha angani michirizi ya gesi ya nitrojeni.

Voyager 1 haikwenda huko. Mwezi Novemba 1980 ilipelekwa karibu na Titan, mwezi mkubwa wa Zohali wenye anga nzito, na mapito hayo yaliielekeza nje ya bapa ambamo sayari huzunguka. Uamuzi ulikuwa mgumu, kwani kama Voyager 1 ingeshindwa Titan, basi Voyager 2 ndiyo ingetumwa huko, na Uranusi na Neptuni zingesahaulika. Tarehe 14 Februari 1990, kwa ushawishi wa mwanaastronomia Carl Sagan, iligeuza kamera nyuma na kuipiga picha Dunia kutoka kilomita bilioni 6, kisha kamera zikazimwa ili kuokoa umeme. Picha hiyo imeandikwa sana na wengine.

Kazi iliyofuata ilikuwa kutafuta ukingo wa himaya ya Jua. Jua hupuliza daima upepo wa chembe zenye chaji, nao hutanda hadi mbali kupita sayari zote, mpaka unapozuiwa na gesi nyembamba iliyoko kati ya nyota. Voyager 1 iliuvuka mpaka huo tarehe 25 Agosti 2012, lakini ilichukua mwaka mzima kukubaliana kwamba imeuvuka, kwa sababu kifaa kilichotengenezwa kupima msongamano wa chembe hizo kilikuwa kimekufa tangu 1980. Ushahidi ulitoka mlango mwingine. Mwezi Machi 2012 Jua lililipuka kwa nguvu, na miezi 13 baadaye msukumo wa mlipuko huo ulikifikia chombo na kuzitikisa chembe zilizokizunguka. Kifaa cha mawimbi ya plazma, yaani gesi ya chembe zenye chaji, kilichosimamiwa na Don Gurnett wa Chuo Kikuu cha Iowa, kilirekodi mtikisiko huo, na kwa kuwa kasi ya mtikisiko hutegemea msongamano, iliwezekana kupiga hesabu: chembe zilikuwa zimesongamana zaidi ya mara 40 kuliko ndani ya himaya ya Jua. Voyager 2 ilipovuka tarehe 5 Novemba 2018, kifaa chake cha kupima chembe kilikuwa hai, na mpaka ulionekana waziwazi.

Vyombo hivi vinabeba pia sahani ya santuri iliyopakwa dhahabu, yenye salamu za lugha 55 na sauti za duniani. Kiganda kimo, na wimbo wa wasichana wa Wambuti wa msitu wa Ituri, mashariki mwa Kongo, umo. Kiswahili hakimo, na hilo linanisikitisha kila ninapolikumbuka. Hata hivyo sahani haina la kufanya ila kungoja atakayeiokota, wakati vyombo vyenyewe bado vina kazi.

Julai 2023, miezi minne kabla ya hitilafu niliyoanza nayo, mfululizo wa amri ulikosewa, na antena ya Voyager 2 ikageuka digrii mbili kutoka Dunia. Digrii mbili zilitosha kukata mawasiliano. Voyager 2 huelekea kusini mno, hivyo antena kubwa ya Canberra, Australia, yenye kipenyo cha mita 70, ndiyo pekee inayoweza kuitumia amri. Chombo kimewekewa utaratibu wa kujirekebisha mwelekeo mara kadhaa kwa mwaka, na zamu iliyofuata ilikuwa Oktoba, lakini hawakutaka kungoja. Canberra ilirusha amri kwa nguvu zake zote kuelekea huko, wakasubiri saa 37 za kwenda na kurudi, na tarehe 4 Agosti chombo kikajibu.

Tatizo lisilo na tiba ni umeme. Kila chombo kilipewa majenereta matatu yanayogeuza joto la plutoni kuwa umeme, wati 470 hivi mwanzoni, na kila mwaka hupungua takriban wati nne. Basi watunzaji wamekuwa wakizima kidogo kidogo, wakianza na vipasha joto. Mwaka 2019 walizima kipasha joto cha kifaa cha miali ya kosmiki, yaani chembe zenye nguvu kubwa kutoka anga za mbali, katika Voyager 2, na joto la kifaa likashuka hadi digrii 59 chini ya sifuri, ilhali kabla ya safari kilikuwa kimejaribiwa hadi digrii 45 chini ya sifuri tu. Kikaendelea kupima. Yalipokwisha mambo ya namna hiyo, vilifuata vifaa vyenyewe: Septemba 2024 kile cha kupima chembe katika Voyager 2, ambacho kilikuwa kimeushuhudia mpaka, Februari 2025 cha miali ya kosmiki katika Voyager 1, na Machi 2025 cha chembe zenye nguvu ndogo katika Voyager 2.

Mwezi huo huo wa Machi 2025 waliamsha injini ndogo za kukigeuza chombo za Voyager 1 zilizokuwa zimehesabiwa kuwa zimekufa tangu 2004, kwa kuwa zile zilizochukua nafasi yake zilikuwa zikiziba kwa masalia katika mirija. Ilibidi vipasha joto vyake virudi kuwaka kwanza, la sivyo kuziwasha kungeweza kusababisha mlipuko mdogo, na ilibidi yote yafanyike kabla antena ya Canberra haijafungwa kwa matengenezo ya miezi kadhaa kuanzia Mei. Tarehe 20 Machi joto la vipasha lilionekana likipanda.

Voyager 1 inakadiriwa kufikia umbali wa siku nzima ya mwendo wa mwanga mwezi Novemba 2026, na kuanzia hapo jibu la swali lolote litachukua siku mbili kamili. Wahandisi wanatarajia kwamba, kwa kuendelea kupunguza hivi, kila chombo kitaweza kubaki na kifaa kimoja kinachofanya kazi hadi miaka ya 2030. Kila wati nne zinazopotea zinadai kikao kingine cha kuamua ni kipi kizimwe, na katika vyombo vyote viwili vifaa vilivyopangwa kuachwa hadi mwisho ni kipima sumaku na kile cha mawimbi ya plazma.